Kitabu cha Ndoa, Ukurasa wa 131

1 Juni 2025, Jumapili

Msimu wa kahawa umefunguliwa. Tata, baba yangu, amenipa daftari jipya, kama kila mwaka, niandike siku za jua na siku za mvua. Macho yake hayasomi tena, lakini bado anataka kujua kahawa yake imekaa juani siku ngapi. Alikuwa mpima kahawa wa chama cha msingi kwa miaka ishirini na sita, na bambo lake, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia na kutoa punje za katikati, mpaka leo linaning'inia nyuma ya mlango wetu. Mimi huandika jua na mvua, halafu najaziliza mambo yangu. Yeye hajui. Leo jua.

2 Juni

Kompyuta ya ofisi imezimika mara tatu kabla ya chai. Nimeipiga kofi ubavuni ikawaka. Miaka kumi na moja nikiwa karani wa usharika, hiyo ndiyo huduma ninayoijua zaidi. Jua.

3 Juni

Amekuja Vestina binti Hagenimana, mjane wa Cleophace wa upande wa Chonyonyo. Cleophace alizikwa Februari, ndani ya kibanja chake, kati ya migomba na mibuni aliyoipanda na mkewe. Sasa mdogo wake, Kaijage, anasema kaka yake hakuwahi kuoa. Anasema Vestina aliingia pale kama kibarua wa kupalilia, akazoea jiko. Hawakupata mtoto, ndugu zake wamerudi Rwanda zamani, waliowasimamia arusini wamekufa, na majirani wote siku hizi wanadai walikuwa wadogo. Cheti cha ndoa kiliungua pamoja na jiko mwaka 2008. Mchungaji wa wakati ule hakupeleka nakala wilayani. Kilichobaki ni kitabu chetu cha ndoa.

Na kitabu chenyewe ni picha tu. Mwaka 2019 nilipiga picha vitabu vyote, ukurasa kwa ukurasa, miezi mitatu mgongo ukiniuma. Nikatamba kwamba makaratasi hayahitajiki tena, yakawekwa stoo, mchwa wakayala. Mwaka jana tulizoa kilichobaki kwa koleo.

Nimewasha, nimetafuta, nimempata. Kitabu cha Ndoa, ukurasa wa 131, ndoa namba 58, Jumamosi tarehe 21 Septemba 1991. Mume ametia sahihi. Mke ametia dole gumba, wino umevuja kidogo upande wa kushoto. Juu yake kuna ndoa nyingine, ya tarehe 14, ya watu waliokwisha kufa wote wawili. Naandika hapa nisitafute tena.

Nikamwambia, "Mama, upo." Akainuka kwenye benchi. Kabla hajazunguka meza kuja kuona, skrini ikawa nyeusi.

Aliniomba nimchapie karatasi itakapowaka. Wino wa mashine ya kuchapa umekwisha, unatoa maandishi kama kivuli. Nikamwambia asubiri, tunatengeneza kompyuta upya, nitamtolea karatasi inayong'aa.

"Hata hiyo hafifu itanifaa, mwanangu," alisema.

"Baraza la ardhi ni mwezi wa nane, mama. Usiende na karatasi ya kuaibisha kanisa."

Alishukuru na kuondoka. Jua kali.

5 Juni

Mvua ya dakika kumi. Tumekimbia na maturubai. Tata anauliza kama punje zimelowa. Zimelowa.

8 Juni, Pentekoste

Baada ya ibada wazee wa kanisa wamekaa. Sadaka ya mavuno mwaka huu ni kahawa nyingi, na wamekubali sehemu yake itengeneze kompyuta. Kaijage, ambaye ndiye mwalimu wetu wa kwaya, alisimama akasema nafasi iwe kubwa, maana video za kwaya zimejaa kwenye simu za watu na zinapotea. Alisema vizuri, bila kupandisha sauti. Kisha akanipitishia kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, mimi wa kwanza kabla ya wazee. Sijui yaliyoko kati yake na shemeji yake, lakini ni mtu wa adabu. Huenda ni mambo ya ukoo ambayo mimi siyajui.

11 Juni

Nimekwenda Kayanga kwa fundi Celestin. Duka lake lina upana wa kitanda. Amefungua kompyuta yetu mbele yangu, nikaona aibu kama mtu aliyefumwa na nyumba chafu. Ndani kuna vumbi jekundu, buibui aliyekauka na punje moja ya kahawa.

Amenionyesha kila kitu kwa bisibisi. Pawa saplai inakufa, ndiyo maana inazima. Mazabodi imevimba vipipa vitatu, itafaa tupate nyingine iliyotumika. Kumbukumbu ya gigabaiti nne haitoshi, tuweke nane. Prosesa tuiache. Akafika kwenye diski, akaiwekea sikio.

"Hii nzima," alisema. "Nzee, lakini nzima. Inacheua tu kama ng'ombe. Usiitoe, karani. Nikuwekee SSD, diski ya kasi, ndogo ya kuwashia, na nyingine ya kawaida ya vitabu, na hii nzee ibaki humo humo na nakala ya pili. Kitu cha maana kikae sehemu mbili."

Nikamwambia diski nzee tumeshaiahidi kwa mtaa wa Kibingo, wana kompyuta isiyo na diski.

"Wape kitu kingine."

Mtu mbishi. Nimemwachia kompyuta, nimerudi na diski ndani ya kanga.

14 Juni

Kaijage amenitumia picha kwenye simu. Kuna muuzaji wa Dar mwenye SSD ya nje ya terabaiti mbili, nyembamba kama biskuti, na bei yake ni chini ya ile ndogo ya Celestin. Terabaiti mbili. Vitabu vyote, mahubiri, kwaya mpaka wajukuu wa wanakwaya.

Nimempigia Celestin. Akasema, "Kwa bei hiyo? Sijui, karani. Mimi nisingenunua." Nikajua ni wivu wa biashara. Nimeagiza. Tumeiondoa ile ya kawaida ya vitabu kwenye orodha yake, tumebakiza ndogo ya kuwashia.

Mawingu, hakuna mvua.

17 Juni

Jua.

20 Juni

Diski imefika kwa basi. Ina uzito mzuri mkononi. Kitu kizuri hujulikana kwa uzito, nilimwambia Tata, naye akaishika akaipimapima kama kiganja cha kahawa. "Nzito," alisema. Akairudisha.

21 Juni

Kompyuta imerudi. Inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Nilikaa nikaiangalia tu, nikaizima, nikaiwasha tena. Nimeanza kunakili kutoka diski nzee kwenda mpya.

23 Juni

Imenakili siku mbili nzima. Nilidhani SSD ni ya mwendo wa kasi. Lakini imefika mwisho na kusema tayari.

24 Juni

Leo nimekagua, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Mafolda yamejipanga kwa alfabeti: Ibada, Kipaimara, Kwaya, Ndoa, Ubatizo, Vikao. Nimefungua Ibada, safi. Nimefungua Kipaimara mwaka 1974, mwandiko wa wino wa bluu, safi kabisa. Kwaya, video ya kwanza na ya pili, Kaijage anapunga mikono, safi. Ndoa nimehesabu kurasa: 212 huku, 212 kule. Ubatizo pia hesabu sawa. Nikafunga. Jua zuri sana, kahawa ya wiki ya kwanza inalia ukiitikisa.

25 Juni

Mama yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha kwamba kibuyu kinachotoka nyumbani kwako kwenda kwa mwingine unakisugua kwa majivu mpaka kisinuke pombe yako. Kumpa mtu chombo chenye masalia ni kumdharau. Watu wa Kibingo nao ni watu, hawatakula makombo yetu sisi wa Kihanga.

Kompyuta iliniuliza kama nataka diski isafishwe kwa haraka au kikamilifu. Nikachagua kikamilifu. Imesugua tangu asubuhi hadi jioni. Nikaifunga kwenye karatasi mpya na kuandika jina la mtaa wao kwa kalamu nyekundu.

26 Juni

Mwinjilisti wa Kibingo, Placida, ameifuata mwenyewe kwa pikipiki. Alinikumbatia. Jua.

30 Juni

Vestina alipita. Nikamwambia wino mpya wa mashine ya kuchapa uko njiani. Alikuwa na vidonda vidogo vya kuchuma mikononi. Kaijage ameweka watu wanachuma upande wa juu wa kibanja, yeye anachuma upande wa chini, na kila siku wale wanateremka kidogo.

3 Julai

Wino umefika.

Nimeweka, nimechapa karatasi ya majaribio, imetoka nyeusi nzuri. Nimefungua Ndoa. Nimefungua ukurasa wa 131. Ukatokea mraba wa kijivu.

Nikafungua 130. Kijivu. Nikafungua wa kwanza. Kompyuta ikasema haiwezi kusoma faili hili. Nikafungua yote, moja moja, mpaka 212. Nikaenda Ubatizo. Nikaenda Vikao. Majina yapo, tarehe zipo, ukubwa upo, na ndani hamna kitu. Nikafungua Kwaya. Video kumi na tisa za kwanza zinaimba. Ya ishirini inaimba nusu, Kaijage amesimama mkono juu, haushuki.

Niliondoa waya, nikachomeka tena. Nilizima, nikawasha. Nilisali, naandika ukweli, nilipiga magoti kwenye saruji mbele ya kompyuta nikasali kama mtoto. Nikafungua tena 131. Kijivu kile kile.

Sikuandika jua wala mvua leo. Tata ameuliza, nimemwambia jua.

4 Julai

Kayanga, basi la kwanza. Celestin hakusema nilikuonya, na ningependa angesema. Alichomeka diski, akaendesha programu yake, akaangalia namba zinavyoteremka. Akachukua kisu, akapasua kasha.

Ndani kulikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, hii hii ya ukubwa wa kucha moja, imegandishwa kwa gundi kwenye kipande cha bodi. Pembeni yake kuna bapa la chuma, nalo limegandishwa. Halifanyi kazi yoyote.

"Hilo ni la uzito," alisema. "Kadi ni gigabaiti sitini na nne. Wameidanganya kompyuta iseme elfu mbili. Ikijaa, inaendelea kupokea, inaandika jina tu, kilichomo inakitupa. Vya mwanzo vinabaki. Kwaya yenu ndiyo iliyojaza."

Ibada, Kipaimara, Kwaya. Nilikagua vya juu.

Akauliza diski nzee iko wapi. Nikasema Kibingo. Akauliza kama niliifuta. Nikasema niliisafisha.

"Kwa haraka au kikamilifu?"

Nikasema kikamilifu. Akashusha kisu mezani taratibu.

"Ungefanya ya haraka tungeokota," alisema. "Watu wengi wanafanya ya haraka. Ni uvivu tu, lakini huwa unawaokoa."

5 Julai

Hata hivyo nimekwenda Kibingo. Placida ameitoa diski kwenye kompyuta yao bila kuuliza, akanipa na ndizi mbivu za njiani. Celestin ameihangaikia kuanzia mchana mpaka akafunga duka. Hamna, hata alama. Amesema hajawahi kuona diski safi namna hii.

Namuuliza Mungu kwa nini hakunifanya mvivu.

6 Julai

Jua. Sikwenda ibadani.

7 Julai

Nimemweleza Tata. Alikuwa amekaa anachambua kahawa kwa vidole, anatupa mbovu bila kuziona. Nikamweleza yote, mpaka lile bapa la chuma.

"Wakulima walikuwa wanatia mawe chini ya gunia," alisema. "Juu wanaweka kahawa ya kuchagua. Kila msimu. Ulikuwa unakuja na mimi ghalani, ulikuwa unashika bambo. Koku, ulichoma mpaka katikati?"

Nikasema hapana. Nilikagua juu na kuhesabu magunia.

Akarudi kuchambua. Heri angenitukana.

9 Julai

Nimekwenda kwa Vestina, kwa miguu, nipate muda wa kupanga maneno. Sikuyatumia hata moja. Nilimkuta anachuma, nikamwamkia shikamoo, nikasema ukurasa umepotea, mama, mimi ndiye niliyeupoteza.

Alidhani nimepoteza karatasi. "Si utatoa nyingine?"

Nikaeleza. Anafahamu simu, hafahamu diski, nikamweleza kwa gunia. Aliendelea kuchuma wakati namweleza, tawi hadi tawi, kisha mikono ikasimama.

"Siku ile niliomba hata ile hafifu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hata kwa simu yako, ungepiga picha pale ulipokuwa unaona."

Mwezi mzima sikuwahi kufikiri hilo. Simu ilikuwa mezani, nakumbuka, kando ya kikombe. Nikalia pale kwenye mibuni, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, na yeye aliyepotezewa ndiye aliyenishika bega. Sikustahili na nilijua sistahili.

13 Julai, Jumapili

Leo nimerudi ibadani. Mchungaji ametangaza kwamba kumbukumbu zimeharibika, waumini wenye vyeti nyumbani walete vipigwe picha. Hakunitaja jina, lakini wote waligeuza shingo.

Nilipofika nyumbani Tata alikuwa amekwisha kupika. Tulikula ndizi nzuri, laini. Nikauliza za wapi. Akasema Kaijage alileta mkungu asubuhi, ameuacha mlangoni, amesema ni wa karani, apumzike na uchovu.

Nilikuwa nimekwisha kumeza. Mkungu uliobaki nimeutazama kutwa. Kuurudisha umekatwa nusu ni tusi, kuula ni kukubali. Barabara yote ilimwona akiuleta begani, na nadhani alitaka aonekane.

15 Julai

Nimeurudisha, nusu hivyo hivyo. Kaijage alinipokea kwa tabasamu.

"Karani, mimi sijakuomba jambo lolote," alisema. "Umeona wapi nikikuomba?"

Ni kweli. Hakuniomba. Alinitumia picha ya diski kwa ajili ya kwaya, na kwaya yake imepotea pia. Nimemtazama usoni nikitafuta hila, sikuiona. Niliona mtu aliyeokota kitu njiani na hana nia ya kumtafuta mwenye mali. Nikakumbuka lile jani la kahawa ya kutafuna, jinsi nilivyofurahi kupewa wa kwanza. Nilimwita mtu wa adabu. Sasa najua adabu yake haimgharimu kitu.

22 Julai

Bombani wameacha kuzungumza nilipofika. Nimesikia neno moja tu, "mkungu". Jua.

27 Julai

Jua.

2 Agosti

Jua. Kahawa yetu imekwisha kuanikwa yote. Wale wachumaji wa Kaijage wamefika chini. Vestina sasa anachuma pamoja nao, kwenye kibanja chake mwenyewe, na jioni kila mmoja anapimiwa debe lake.

19 Agosti

Baraza.

Nilijitolea kuwa shahidi. Mchungaji alinipa barua kwamba mimi ndiye karani na ndiye niliyepiga picha vitabu. Nilivaa gauni la Pasaka. Mashahidi tuliwekwa nje, chini ya bati, mpaka kila mtu aitwe, kwa hiyo Vestina alisema yake mimi sisikii. Nilikaa nimetulia. Nilikuwa nimeuona ukurasa ule kwa macho yangu, na baraza lilikuwa na watu wenye akili. Kwa mara ya kwanza tangu Julai niliona kifua kinapitisha hewa.

Niliingia, nikaapa. Mwenyekiti, mama mmoja mpole mwenye miwani, akaniuliza nilichoona. Nikasema Kitabu cha Ndoa, ukurasa wa 131. Nikasema dole gumba na wino uliovuja kushoto. Watu wakanong'ona, na mwenyekiti akaandika kwa kirefu. Nikamwona Vestina ameinua kichwa.

Kaijage akaruhusiwa kuuliza. Alisimama kama anavyosimama mbele ya kwaya.

"Karani, pole na kazi. Ndoa hiyo ilifungwa tarehe ngapi?"

"Kumi na nne Septemba, tisini na moja," nilisema. Nilisema bila kusita hata kidogo.

Kaijage hakuuliza tena, alikaa. Mwenyekiti akarudisha kurasa zake nyuma, akavua miwani.

"Mlalamikaji ametuambia tarehe ishirini na moja," alisema. "Ameirudia mara mbili."

Nikamtazama Vestina. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemngojea mwenzake akumbuke. Nikasema labda, nikasema kurasa zilikuwa nyingi, nikasema huenda ni ishirini na moja. Kila nilichoongeza kilizidi kuharibu, na nilikuwa nasikia hivyo huku naendelea kusema.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuuona ukurasa huo. Hakuna. Akaniuliza kama ni kweli nilipokea mkungu wa ndizi kutoka kwa mdaiwa. Kaijage mwenyewe akainama kama mtu anayeona haya. Kwa hiyo nilionekana nimehongwa na mmoja na namsemea mwingine uongo, yote mawili katika gauni moja.

28 Agosti

Uamuzi. Baraza halikuona uthibitisho wa ndoa. Kibanja ni cha ukoo. Vestina amepewa mpaka katikati ya Septemba aondoe vitu vyake, na ameelezwa anaweza kwenda wilayani kukata rufaa. Nilimwambia nitakwenda naye, nitagharamia mimi.

"Ukaseme nini, mwanangu?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

31 Agosti

Tata ameshusha bambo nyuma ya mlango na kuniambia nilipeleke stoo. Sikuuliza kwa nini.

3 Septemba

Mawingu upande wa Kyerwa.

5 Septemba

Mvua ya kwanza. Tata akataka hesabu ya msimu, siku ngapi za jua, siku ngapi za mvua. Nikakaa naye barazani, nikafungua daftari hili mwanzo, nikawa nasoma na yeye anakunja vidole. Tarehe moja, jua. Tarehe mbili, jua. Tarehe tatu.

Akasema, "Tarehe tatu?"

Ukurasa wa 131, ndoa namba 58, Jumamosi tarehe 21 Septemba 1991. Juu yake nyingine ya tarehe 14. Kwa mkono wangu, kwa kalamu yangu, niliandika ili nisitafute tena. Siku ya baraza daftari lilikuwa kitandani kwangu, chini ya mto. Halikunijia akilini, kwa sababu nilikuwa na hakika.

"Jua kali," nilimwambia Tata.

6 Septemba

Nimelipeleka daftari kwa mwenyekiti wa baraza. Alisoma, akalifunga, akanirudishia kwa mikono miwili. Alisema anaamini kwamba mimi naamini nilichoandika. Lakini uamuzi umetoka, na daftari la shahidi aliyejichanganya mtu anaweza kuliandika jana. Sikubisha. Hata ningekuwa mimi kwenye kiti chake, ningesema hivyo.

8 Septemba

Vestina anaondoka kesho. Anakwenda Kibingo, kwa mtoto wa dada yake, Felicitas, aliyebaki mdogo wengine waliporudi Rwanda na sasa analima mashamba ya kukodi. Vitu vyake ni magunia mawili na sufuria. Nilimkuta kaburini kwa Cleophace anang'oa majani, ingawa mvua imeanza na yataota tena ndani ya wiki.

Nikamwambia nilikosea tarehe, yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na niliiandika siku ile ile. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Soma."

Nikamsomea, polepole. Nilipofika kwenye dole gumba akaangalia dole lake.

"Nilibonyeza sana," alisema. "Mchungaji akasema taratibu, mama, kitabu hakikimbii. Cleophace akacheka kanisani." Akaligeuza lile dole. "Kushoto ndipo ulipovuja?"

"Kushoto, mama."

"Sikuwahi kuuona," alisema. Kisha akaniuliza kama ningeweza kumpa ukurasa ule wa daftari. Nikamwambia haumsaidii kitu tena, hakuna ofisi itakayoupokea.

"Najua," alisema. "Si wa ofisi."

Nikakaa kwenye shina la mgomba, nikafungua ukurasa mtupu huku nyuma ya daftari. Nikanakili maneno ya tarehe 3 Juni yote, pamoja na yale yanayoniaibisha. Nilipomaliza nikamwomba anisubiri. Nikarudi mwanzo, nikalinganisha neno kwa neno, si juu tu, mpaka katikati, mpaka neno la mwisho. Ndipo nikachana ule wa tarehe 3 Juni nikampa. Aliukunja mara nne akauweka kifuani, ndani ya kanga, yeye asiyejua kusoma.

Ile nakala nimeibandika mbele, mahali pake, kati ya tarehe 2 na tarehe 5. Nimeikagua tena jioni hii. Iko sawa. Mvua.